Mali bila Daftari: Haki ya Mtungaji na Hifadhi ya Nyimbo Lubumbashi, kutoka Santuri hadi Intaneti

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walioitunga methali hii waliwaza juu ya bidhaa na madeni, wala si juu ya nyimbo. Hata hivyo, historia ya muziki wa Lubumbashi na miji jirani yake tangu mwaka 1952 inaweza kusomwa kama ufafanuzi mrefu wa methali hiyohiyo. Makala haya yanachunguza swali moja: wimbo ukishatungwa na kurekodiwa, ni nani awezaye kuudai? Sheria hujibu kwamba ni mtungaji. Historia hujibu kwamba ni yule aliye na daftari, yaani yule anayeihifadhi rekodi na ambaye jina lake limeandikwa kando ya jina la wimbo.

Swali hili limepata uzito mpya. Leo mwanamuziki wa kujitegemea katika mitaa ya Kenya, Katuba au Kamalondo anaweza kurekodi wimbo katika studio ndogo jioni, na kabla ya kulala akawa ameupakia kwenye intaneti. Hahitaji kungoja mzungu mwenye mashine apite mjini, wala hahitaji kibali cha kampuni ya santuri. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba daftari limekwisha kurudi mikononi mwa mtungaji. Hoja ya makala haya ni kwamba halijarudi lenyewe. Anayechagua mahali pa kuuweka wimbo wake huwa amechagua pia sheria itakayoulinda, mahakama itakayosikiliza ugomvi wake, na mkono utakaoandika jina lake.

2. Neno na maana yake

Inafaa kuanza na istilahi. Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki hutumia neno hakimiliki. Neno hilo limeundwa kwa haki na miliki. Ndani yake mna mwenye mali, lakini hamna mtungaji. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya sheria za Kongo, husema moja kwa moja haki ya mtungaji, na wanamuziki wa Lubumbashi wazungumzapo Kiswahili chao hulichukua neno la Kifaransa jinsi lilivyo.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Miliki yaweza kuuzwa, kurithiwa au kupotea; utungaji hauuziki, kwani aliyetunga atabaki kuwa ndiye aliyetunga. Ndiyo maana sheria ya Kongo, Amri-Sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, hutenganisha mambo mawili: haki ya mtungaji kutambuliwa na kuheshimiwa kwa kazi yake, ambayo haitoki mikononi mwake, na haki ya kupata mapato, ambayo anaweza kumpa mtu mwingine kwa mkataba. Katika makala haya ya kwanza itaitwa haki ya jina, na ya pili haki ya mapato. Yafuatayo yataonyesha kwamba haki hizi mbili zimekuwa zikiandikwa katika madaftari tofauti, na kwamba la pili halikukaa Katanga.

3. Jadotville, 1952

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alifika Jadotville, yaani Likasi ya leo. Kazi yake ya kukusanya muziki wa Afrika ilikuwa ikigharimiwa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg tangu mwaka 1947. Huko Jadotville alimrekodi kijana wa miaka ipatayo 22, mzaliwa wa Bunkeya, aliyepiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada: Mwenda Jean Bosco, ambaye baadaye alijulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Wimbo wake Masanga, unaoimbwa kwa Kiswahili, ulitolewa katika santuri za alama ya Gallotone na ukasikika kutoka kusini mwa Afrika hadi Kenya. Mtaalamu David Rycroft aliuchambua upigaji wa Mwenda katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, na mwaka 1969 Mwenda mwenyewe alipanda jukwaani katika tamasha la Newport huko Marekani.

Tracey alikuwa na desturi njema. Kila alipokwenda, aliandika jina la mpigaji, lugha yake, ala aliyoitumia, mahali na tarehe. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, na baada ya kufa kwake mwaka 1977 hifadhi hiyo ilihamishiwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes mwaka 1978. Kwa sababu kumbukumbu hizo zilitunzwa, kampuni ya SWP ya Uholanzi iliweza kuzitoa tena rekodi za magitaa ya kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia zikiwa na majina ya wapigaji wake. Kwa hiyo daftari la haki ya jina lilikuwapo, nalo lilifanya kazi yake.

Daftari la haki ya mapato lilikuwa jingine. Katika biashara ya santuri ya miaka hiyo desturi iliyoenea ilikuwa kumlipa mwanamuziki mara moja, mara tu baada ya kurekodi. Sahani mama na hesabu za mauzo zilibaki kwa kampuni. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba sheria haikukosekana. Dekreti ya tarehe 21 Juni 1948 juu ya haki za watungaji katika Kongo ya Ubelgiji ilikuwa na umri wa miaka minne Tracey alipowasili Jadotville. Lakini sheria hiyo ilitumika Kongo, na hesabu za santuri ziliandikwa Johannesburg. Mtu wa Jadotville aliyetaka kujua nakala ngapi za wimbo wake zimeuzwa Nairobi au Salisbury hakuwa na mlango wa kubisha.

Mfano huo wa Masanga haujawa wa kale. Mwenda alifariki mwaka 1990. Sheria ya 1986 hulinda kazi ya mtungaji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, kadiri wimbo unavyotambuliwa kuwa utungo wake, Masanga unalindwa nchini Kongo hadi mwisho wa mwaka 2040. Rekodi yenyewe ya 1952 ni jambo la pili. Sheria ya Afrika Kusini hulinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu mwaka ilipotolewa, hivyo huko ulinzi wa rekodi ile ulikwisha mwisho wa mwaka 2002. Marekani huhesabu muda mrefu zaidi. Wimbo mmoja, basi, una haki mbili na tarehe kadhaa za mwisho, kutegemea nchi. Mtu anayeipakia rekodi hiyo kwenye intaneti leo aweza kuwa hana deni kwa mwenye sahani huko Afrika Kusini, na bado akawa na deni kwa warithi wa mtungaji.

4. Somo la Solomon Linda

Kampuni hiyohiyo ya Gallo inahusika katika kesi ambayo imekuwa mfano duniani kote. Mwaka 1939 Mzulu Solomon Linda alirekodi wimbo wake Mbube mjini Johannesburg, na haki zake akaziuza kwa kampuni kwa shilingi 10. Kutokana na wimbo huo ulitengenezwa nchini Marekani wimbo The Lion Sleeps Tonight, uliovuma mwaka 1961 na baadaye ukatumika katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini.

Mwaka 2004 warithi wake walifungua kesi nchini Afrika Kusini. Mawakili wao walisimama juu ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika makoloni yake, ambayo ilisema kwamba haki iliyouzwa na mtungaji hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Mwezi Februari 2006 pande zote zilipatana: warithi walilipwa kwa matumizi yaliyopita, wakapewa sehemu ya mapato yajayo, na Linda akatambuliwa kuwa mtungaji mwenza.

Somo la kesi hii halipaswi kupotoshwa. Warithi hawakushinda kwa sababu dunia iliwahurumia. Walipata haki kwa sababu palikuwa na rekodi yenye jina, mwaka na mahali, na kwa sababu palikuwa na kifungu cha sheria kilichoweza kuunganishwa na maandishi hayo. Tena ilichukua zaidi ya miaka 40 baada ya kifo cha mtungaji. Watungaji wa Katanga ya wakati ule hawakuwa chini ya sheria za Uingereza, hivyo mlango uliofunguliwa kwa familia ya Linda haukuwa wazi kwao vivyo hivyo. Mahali wimbo ulipotungwa na mahali ulipohifadhiwa palikuwa tayari pameamua nusu ya shauri.

5. Kinshasa, kanda na kadi za simu

Baada ya uhuru, dola lilijaribu kulileta daftari nyumbani. Kongo ilithibitisha uanachama wake katika Mkataba wa Berne mwaka 1963. Mwaka 1969 ilianzishwa SONECA, chama cha taifa cha kukusanya mapato ya watungaji. Sheria ya 1986 ikafuata. Na mwaka 2011 SONECA ikapokewa na SOCODA.

Kazi ya chama cha namna hii yaelezeka kwa urahisi. Mtungaji hutangaza nyimbo zake. Redio, mabaa na kumbi hulipa ada na kutoa orodha ya nyimbo zilizopigwa. Chama hugawa fedha kwa kufuata orodha. Kiungo kimoja kikikatika, vyote husimama. Redio isipoandika orodha, fedha hugawanywa kwa kukisia. Mtungaji asipotangaza nyimbo zake, fedha yake haina anuani. Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa, makao makuu ya chama, ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na safari ya nchi kavu ni ndefu zaidi na ya taabu. Umbali huo peke yake waeleza kwa nini malalamiko ya watungaji wa kusini-mashariki yalidumu kupitia majina yote ya jimbo, Katanga, Shaba, tena Katanga, na tangu mwaka 2015 Haut-Katanga.

Wakati huohuo teknolojia iliondoa kazi ya kunakili mikononi mwa kampuni na kuitia mikononi mwa kila mtu. Kanda za kaseti zilinakiliwa sokoni. Baada yake zikaja sidii, kisha vibanda vya kujaza nyimbo katika kadi za simu kwa bei ya mkate. Kila hatua ilimwezesha mwanamuziki kusikika mbali zaidi, na kila hatua ilimpunguzia kumbukumbu. Santuri ya Gallotone ilikuwa walau na karatasi yenye jina la mwimbaji. Faili iliyohamishwa kutoka simu hadi simu mara nyingi huitwa jina la aliyeihamisha, au haina jina kabisa.

Haifai, hata hivyo, kuwalaumu wauzaji wa vibanda peke yao. Kwa mwanamuziki mchanga vibanda vilikuwa redio yake na duka lake. Kilichopotea hapo hakikuwa fedha tu. Ilipotea pia habari: ni nani alitunga, lini, akiwa na nani.

6. Sheria ya mbali na mashine isiyochoka

Intaneti ilipoanza kubeba muziki, sheria iliyotangulia kuipangia taratibu haikutungwa Kinshasa. Mwaka 1998 Marekani ilipitisha sheria inayosema kwamba kampuni inayohifadhi kazi za watu kwenye intaneti haitawajibika kwa makosa yao, mradi tu iondoe haraka kazi iliyolalamikiwa na mwenye haki. Aliyeipakia aweza kupeleka jibu la kupinga. Mlalamikaji asipokwenda mahakamani, kazi hurudishwa baada ya siku za kazi 10 hadi 14. Kwa kuwa kampuni nyingi kubwa ni za Marekani, utaratibu huo umekuwa kama sheria ya dunia.

Kwa mwanamuziki wa Lubumbashi utaratibu huo una kasoro iliyojificha. Yeyote apelekaye jibu la kupinga hukubali kwamba ugomvi unaweza kusikilizwa na mahakama ya Marekani. Mtu mwenye haki kamili aweza kunyamaza kwa kuwa hana nauli wala wakili wa kufuata shauri lake huko. Na YouTube hufunga akaunti ya mtu aliyepata maonyo matatu ya aina hiyo ndani ya siku 90.

Mwaka 2007 YouTube iliongeza mashine ya utambuzi iitwayo Content ID. Mwenye haki huikabidhi rekodi yake. Mashine huilinganisha na kila kinachopakiwa. Ikipata mfanano, mwenye haki huchagua kuzuia, kuchukua mapato ya matangazo, au kufuatilia tu idadi ya watazamaji. Kwa wenye mali nyingi ni mlinzi asiyelala. Lakini mashine hiyo hukabidhiwa wenye hazina kubwa ya kazi. Mtu mmoja mwenye nyimbo kumi huipata kwa kupitia msambazaji. Mashine haijui nani alitunga. Inajua nani alitangulia kuandikisha. Ikiwa mtayarishaji wa studio ameuza mdundo uleule kwa waimbaji watatu, na mmoja wao akauandikisha wa kwanza, wenzake wawili watajikuta wakishtakiwa kwa nyimbo zao wenyewe.

Mkataba wa Berne unasema kwamba haki ya mtungaji huzaliwa pamoja na kazi yake, bila kuhitaji kuandikishwa. Huo ni msimamo wa heshima. Ila katika utekelezaji, mashine imeurudisha uandikishaji kwa mlango wa nyuma. Kongo yenyewe ilipata Sheria ya Mambo ya Kidijitali mwezi Machi 2023, na hiyo ni hatua, lakini sheria ya nchi haiamuru kirahisi mashine iliyo katika nchi nyingine.

7. Uchaguzi wa hifadhi

Mwanamuziki wa kujitegemea ana njia nne za kuuweka wimbo wake, na kila moja ina faida na gharama yake.

Njia ya kwanza ni majukwaa makubwa yasiyotoza ada ya kupakia au yanayofikiwa kwa msambazaji. Faida yake ni wasikilizaji. Gharama yake ni masharti yanayobadilika bila shauri lake. Spotify ilifunguliwa nchini Kongo mwaka 2021. Tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 haulipwi kitu. Kwa mwimbaji wa karindula anayejulikana Lubumbashi na Likasi tu, sharti hilo si dogo.

Njia ya pili ni maduka ya muziki, mfano Bandcamp, ambapo msanii hupanga bei mwenyewe na kampuni huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, ikishuka hadi 10 mauzo yakiongezeka. Hapa hesabu ni wazi. Lakini duka nalo huuzwa: Bandcamp ilinunuliwa na Epic Games mwaka 2022, ikauzwa tena kwa Songtradr mwaka 2023. Aidha, mnunuzi wa Lubumbashi aliyezoea kulipa kwa simu hukuta duka linalodai kadi ya benki.

Njia ya tatu ni tovuti ya mwanamuziki mwenyewe, kwa nafasi ya kukodi kila mwaka. Huko hakuna wa kumfutia wimbo kwa mashine, lakini hakuna pia wa kumletea wasikilizaji, na kodi isipolipwa nyumba hubomoka.

Njia ya nne ni hifadhi ya taasisi. Tracey aliionyesha kwa nyenzo za wakati wake. Baadaye Johannes Fabian, ambaye alifanya utafiti katika jimbo hili kuanzia miaka ya 1960, alishiriki kuanzisha kwenye intaneti hifadhi ya matini za Kiswahili cha watu wa kawaida, ikitunzwa Amsterdam. Hifadhi kama hiyo haimletei mtungaji fedha. Inamletea ushahidi.

Matukio mawili yanaonyesha kwamba hakuna njia iliyo salama peke yake. Mwezi Machi 2019 MySpace, ambayo wakati mmoja ilikuwa nyumba ya wanamuziki wengi wa kujitegemea duniani, ilitangaza kwamba nyimbo zilizopakiwa katika kipindi cha miaka 12 zilipotea wakati wa kuhamisha kompyuta zake. Makadirio yalikuwa zaidi ya nyimbo milioni 50. Miezi michache kabla yake, baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini Kongo kwa muda wa wiki zipatazo tatu. Katika tukio la kwanza wenye nyimbo walikuwapo na hifadhi ikatoweka. Katika la pili hifadhi ilikuwapo na wenye nyimbo wakafungiwa nje.

Rekodi za karindula zilizotolewa mwaka 2011 na kampuni ya Crammed Discs ya Brussels, zilizofanywa hapa Lubumbashi pamoja na filamu, zinaonyesha hali ya kati. Majina ya vikundi yameandikwa, na dunia imewasikia. Lakini mwanafunzi wa Lubumbashi anayetaka kuzisoma rekodi hizo kwa utulivu huzitafuta katika duka la Ulaya, kama vile babu yake alivyongoja santuri ya Gallotone irudi kutoka Johannesburg.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kati ya mwaka 1952 na leo sheria haikukosekana katika sehemu hii ya Kongo. Kilichokosekana ni daftari lililo karibu na mtungaji. Mapendekezo matatu yanafuata.

Kwanza, mwanamuziki asitegemee hifadhi moja. Rekodi mama ibaki kwake katika nakala zisizopungua mbili, mahali pawili tofauti, na majukwaa yachukuliwe kuwa soko, si ghala. Pili, kabla ya kuupakia wimbo, waliohusika waandikiane karatasi moja: nani alitunga maneno, nani sauti, nani alitayarisha mdundo na kama ameuuza au ameukodisha, pamoja na tarehe. Rekodi ipewe nambari ya kimataifa ya utambulisho, iitwayo ISRC, ambayo wasambazaji huitoa. Karatasi hiyo haina gharama, lakini ndiyo itakayosemwa nayo mashine na mahakama.

Tatu, vyuo vikuu vya mji huu vina wajibu wao. Lubumbashi ina wanaisimu wanaoweza kuandika maneno ya nyimbo, wanahistoria waliokwisha kukusanya kumbukumbu za wakazi, na wanafunzi wanaowajua wanamuziki kwa majina na kwa mitaa. Orodha ya nyimbo za Lubumbashi, yenye jina la mtungaji, mwaka, lugha na mahali pa kurekodiwa, ikitunzwa mjini na nakala yake ikiwekwa mbali, haitahitaji mashine kubwa. Itahitaji uvumilivu wa kuandika. Imebaki miaka isiyo mingi kabla ya mwisho wa 2040, ambapo Masanga utakuwa mali ya wote kwa sheria ya Kongo. Hadi wakati huo una mwenyewe, na wapo watungaji wengine wa kizazi chake ambao miaka yao bado inahesabiwa. Wengine wao hawamo katika kadi za Tracey wala katika mashine za leo, na wanaoyakumbuka majina yao wanapungua kila mwaka.